UZI: Katuni, mswada na kelele zetu. Nani hasa alimfunga mdomo binamu yangu?

1/ Usiku mmoja wa Oktoba 2025, binamu yangu kule Gakindu, Mukurwe-ini, alifuta katuni zake zote. Miaka mitatu ya michoro, yote aliichora kwa simu akiwa amekaa kwenye duka la mama yake. Mkurugenzi wa kiwanda cha kahawa mwenye tumbo kama gunia. Mkulima anayepanga foleni kuchukua malipo halafu anatoka na deni. Watu wa kwetu walikuwa wanazipeleka hadi kwenye mikutano ya kahawa, wanamwonyesha mwenyekiti simu: "Hebu tueleze hii."

Polisi hawakumpigia. Chifu hakumwita. Kilichomfikia ni ujumbe wa WhatsApp: kuanzia saa sita usiku, ukichora au kutuma katuni ya kiongozi yeyote ni faini ya milioni 20 au jela miaka 10, tuma kwa kila unayempenda. Aliyemtumia ni shangazi yangu, yaani mama yake mzazi. Na kweli anampenda.

2/ Kama wewe ni mgeni hapa: kwenye nyuzi hizi tunachukua jambo moja ambalo watu wanagombania kwenye siasa, tunalirudisha kwenye historia yake. Hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukitaja kwenye komenti, nafuta.

Jambo la leo: kila serikali ikileta mswada unaogusa katuni, filamu au mitandao, tunalipuka. "Wanataka kutufunga sote!" Hoja yangu ni hii, na mnaweza kunipinga: tukiikuza sheria kuliko ilivyo, tunaifanyia kazi yake ya vitisho bure, bila mshahara. Na tukiwa bado tunapiga kelele kuhusu kitu ambacho hakimo, kile kilichomo kinapita.

3/ Tuanze na ujumbe wa shangazi. Tarehe 15 Oktoba 2025, siku ile ile nchi ilipopata habari za msiba mkubwa, marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni yalitiwa saini. Mtandao ukawaka. Lakini neno "katuni" halimo humo. Wala hakuna kifungu kinachosema kumchora kiongozi ni kosa.

Na ile milioni 20 au miaka 10? Hiyo ipo. Iko kwenye kifungu cha 27, cha kumsumbua mtu mtandaoni. Lakini shida ni kwamba haikuletwa 2025. Adhabu hiyo iko kwenye sheria tangu 2018! Binamu yangu alianza kuchora akiwa tayari chini yake. Alichora miaka mitatu mizima chini ya kifungu hicho bila kujua kipo. Siku aliyoambiwa kipo, aliambiwa kwa uongo, ndiyo akafuta.

4/ Sasa nifuateni hapa polepole, manake hapa ndipo historia inanoga.

Kabla ya 2018 tulikuwa na kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano. Kilisema ni kosa kutumia mtambo wa mawasiliano kutuma kitu "kinachochukiza mno" au cha kumkera mtu. Adhabu: faini isiyozidi 50,000 au miezi 3. Kijana mmoja aliyeshtakiwa kwa chapisho lake la Facebook alikipeleka Mahakama Kuu. Aprili 2016, Jaji Mumbi Ngugi akakitupa nje: maneno hayo ni mapana mno, raia hawezi kujua mapema amevunja sheria au la.

Tulisherehekea. Miezi kama kumi baadaye, Februari 2017, Mahakama Kuu ikatupa pia kosa la jinai la kumharibia mtu jina, kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu. Tukasherehekea tena. Mchoraji wa katuni akaanza kupumua.

5/ Halafu 2018 ikaja sheria mpya ya mitandao. Soma kifungu cha 27 cha sheria hiyo. Kinazungumzia mawasiliano ya "aibu au yanayochukiza mno" yanayomgusa mtu. Mnaona? Maneno yale yale yaliyotupwa 2016 yamerudi kwa mlango mwingine. Ila sasa faini si 50,000 tena, ni milioni 20. Hiyo ni mara 400. Kifungo si miezi 3, ni miaka 10. Hiyo ni mara 40.

Ni kweli kuna watu waliona. Chama cha wanablogu kilikwenda kortini, na mwisho wa Mei 2018 vifungu 26 vikasimamishwa. Lakini tarehe 20 Februari 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo havivunji katiba, vikarudi kazini. Hebu jiulize ulikuwa wapi siku hiyo. Mimi nilikuwa shule ya upili, sikusikia lolote. Kulikuwa na nzige nchini na habari za korona, nani angehesabu vifungu?

6/ Kwa hiyo msururu ni huu: 2016 tukashinda, 2018 tukarudishiwa kitu kikubwa zaidi, 2020 kikaidhinishwa kimya kimya, 2025 tukakipigia kelele kama kimezaliwa jana.

Na mswada wenyewe wa marekebisho ulichapishwa 2024. Ulikaa bungeni zaidi ya mwaka. Kuna kipindi cha maoni ya umma, kipo kwenye Kifungu cha 118 cha Katiba, si hisani ya mtu. Wengi wetu (na mimi nikiwemo, siwezi kujitoa) tuliusoma baada ya kutiwa saini. Na hatukuusoma. Tulisoma picha ya ukurasa mmoja aliyoizungushia mtu duara jekundu.

7/ Msiniambie basi kwamba ninasema watu wanaogopa bure. La. Sisi wa milima hii tuna sababu zetu.

Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilipotangazwa, magazeti ya Kigikuyu yalipigwa marufuku. Henry Muoria, mhariri wa Mumenyereri, alikuwa London wakati huo, na maisha yake yakabaki huko. Gakaara wa Wanjaũ, mtu wa Nyeri, mchapishaji wa vijitabu na nyimbo, alikamatwa na kukaa kizuizini miaka. Aliporudi alichapa tena, akaweka mashine zake Karatina, si mbali na kwetu. Mwaka wa 1986, tukiwa nchi huru, alikamatwa tena. Mzee wa zaidi ya miaka 60.

Shosho yangu ukimwonyesha karatasi yoyote yenye picha ya mkubwa, kitu cha kwanza anauliza ni, "Nani amekupa?" Hajasoma mswada wowote. Hana haja.

8/ Sasa angalieni kitu. Mwaka wa 1977 kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wanakijiji waliigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Ulianza Oktoba. Katikati ya Novemba mkuu wa wilaya aliondoa kibali. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa na kuwekwa kizuizini.

Je, Bunge lilipitisha sheria mpya dhidi ya michezo ya kuigiza ya Kigikuyu? Hapana. Hakukuwa na mswada wa kupigia kelele. Kulikuwa na kibali, na mtu mmoja ofisini mwenye uwezo wa kukiondoa. Shikeni hapo: kibali na ofisi. Tutarudi.

9/ Sheria kuu inayoshika filamu na katuni za televisheni Kenya si mpya hata kidogo. Ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Ilitungwa 1962, ikaanza kutumika Oktoba 1963, miezi miwili na kitu kabla ya uhuru. Yaani mkoloni alikuwa anafunga mizigo, akatuachia hii mezani. Inasema ukitaka kutengeneza filamu ya kuonyesha watu unahitaji leseni, na ukitaka kuionyesha unahitaji cheti.

Mwaka wa 2016 bodi ya kuainisha filamu ilileta rasimu ya mswada wa kuibadilisha, mpana kuliko ya zamani: filamu, michezo ya jukwaani na pia machapisho. Wasanii, wanahabari na watu wa teknolojia walipinga vikali. Mswada huo haukuwahi kuwa sheria. Kelele zilifanya kazi, na hilo lazima nilikubali waziwazi.

10/ Lakini ngojeni kilichofuata. Juni 2017, miezi michache tu baadaye, bodi ilitangaza kupiga marufuku katuni sita za watoto: The Loud House, The Legend of Korra, Hey Arnold!, Steven Universe, Adventure Time na Clarence. Sababu iliyotolewa ni kwamba zinaendeleza ushoga.

Uamuzi huo ulihitaji mswada upi? Hakuna. Sheria ya mkoloni ilitosha. Na 2018 bodi ikakumbusha umma kwamba hata video za mitandaoni zinazolengwa umma zinahitaji leseni ya kurekodi. Tena ni kwa sheria ile ile ya 1962, iliyotungwa wakati hata televisheni ilikuwa kitu kipya nchini.

Yaani tuliua mswada, tukaenda nyumbani tumeshinda, na sheria mama ikabaki imekaa pale pale. Kumbuka pia katuni hizo sita zilikuwa za chaneli za kulipia. Gakindu wengi wetu tulizijua majina siku zilipopigwa marufuku. Kuna vijana walienda kuzitafuta intaneti siku hiyo hiyo.

11/ Mfano mwingine, huu wa watu wa karatasi. Mwaka wa 2002 Bunge lilibadilisha Sheria ya Vitabu na Magazeti: dhamana ambayo mchapishaji wa gazeti anaweka ikapanda kutoka shilingi 10,000 hadi milioni moja. Na mchuuzi anayeuza gazeti ambalo mwenyewe hajaweka dhamana naye akawa na kosa.

Je, mswada uliitwa "Mswada wa Kuzima Vijarida Vidogo"? Wapi! Ulipitia kwenye sheria ya marekebisho mbalimbali, ile ambayo inakusanya mabadiliko madogo madogo ya sheria nyingi kwenye kitabu kimoja. Jina lake lenyewe linakutia usingizi. Mwenye gazeti kubwa milioni moja si kitu. Mwenye kijarida cha kurasa nane anayeuzia wateja kwenye stendi, hiyo ni mlango kufungwa.

12/ Jirani zetu nao. Machi 2018 Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa leseni, na ukijumlisha ada za kuomba, leseni na ya mwaka zilifika shilingi za Tanzania milioni 2.1, kama dola 900 za wakati huo. Juni mwaka huo Jamii Forums ilijifunga kwa muda.

Hiyo haikuwa sheria iliyojadiliwa bungeni kifungu kwa kifungu. Ilikuwa kanuni, iliyotungwa na waziri chini ya sheria ya 2010. Hapa kwetu pia sheria nyingi zina sentensi fupi karibu na mwisho: "Waziri anaweza kutunga kanuni." Sisi tunamaliza kusoma kabla ya kufika hapo. Tangu 2013 tuna sheria inayotaka kanuni kama hizo zipelekwe Bungeni, na Bunge linaweza kuzibatilisha. Ni mara ngapi umeona uzi wa hasira kuhusu kanuni? Ni nadra sana.

13/ Twende mbali kidogo, Marekani, manake huko ndiko hofu ya katuni ilipoacha somo kubwa zaidi.

Mwaka wa 1954 daktari wa akili, Fredric Wertham, alitoa kitabu akidai vitabu vya katuni vinaharibu watoto. Kamati ndogo ya Seneti ikafanya vikao, ikaita wachapishaji. Nchi ikachemka. Je, unajua Seneti ilipitisha sheria gani ya kuvipiga marufuku? Hakuna. Sifuri.

Wachapishaji wenyewe, kwa kuogopa sheria ambayo haikuja, waliunda chombo chao na kujitungia masharti mwaka huo huo. Polisi katika katuni asichekwe, uovu usishinde, hata maneno kama "horror" kwenye jina la kitabu marufuku. Wauzaji wakakataa vitabu visivyo na muhuri. Kampuni ya EC, iliyokuwa na hadithi kali zaidi, ikaacha karibu vitabu vyake vyote isipokuwa Mad. Masharti hayo yalififia taratibu, lakini kampuni za mwisho zilitoka 2011. Miaka 57, kwa sheria ambayo haikuandikwa.

Sasa mfikirie binamu yangu na simu yake.

14/ Japani wakafanya tofauti. Februari 2010 serikali ya jiji la Tokyo ilileta marekebisho ya kudhibiti manga na katuni zinazoonyesha wahusika wanaoonekana ni watoto kwa njia ya kingono. Rasimu ilitumia msemo wa ajabu: "vijana wasiokuwepo". Yaani watu wa kuchorwa.

Wachoraji hawakusema tu "wanataka kuua manga". Walishika msemo huo na kuuliza: mtu wa kuchorwa ana umri gani, na nani anaupima? Juni 2010 mswada ukaanguka. Desemba ulirudi bila msemo huo, ukapita. Wachapishaji wakubwa wakasusia maonyesho ya katuni ya Tokyo. Wapo waliotabiri mwisho wa manga. Manga haikuisha, mnaitazama nyinyi wenyewe kila usiku na bando za mkopo.

Sisemi sheria ile ilikuwa nzuri. Ninasema kelele iliyoshika neno moja iliondoa neno moja. Kelele ya "mwisho wa dunia" haikuondoa kitu.

15/ Najua mtu ameshaanza kuandika: "Wewe msomi, Desemba 2024 ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nyumbani. Na nilikuwa ninaogopa kama wewe. Wiki hiyo vijana kadhaa walichukuliwa na watu wasiojulikana. Mmoja alikuwa mchoraji wa picha za vivuli za kejeli. Mwingine alichukuliwa Embu mjini, hapa hapa mlimani kwetu, baada ya kusambaza picha ya kiongozi iliyotengenezwa kwa akili bandia. Polisi walikana kuhusika. Walirudi Januari 2025, wakiwa hai, tukashukuru Mungu.

Lakini swali langu ni lile lile: kifungu gani? Hakuna aliyewasomea kifungu. Hapo hapakuwa na mswada, wala kibali, wala korti. Ukiniambia tatizo letu la katuni ni mswada mpya, unampunguzia mzigo yule aliyefanya hivyo bila sheria yoyote. Jambo la namna hiyo halijibiwi na uzi kuhusu mswada. Linajibiwa na korti, na majina, na kudai mtu aletwe mbele ya hakimu.

16/ "Basi kelele ndiyo silaha yetu pekee, unataka tunyamaze?"

Hii ndiyo hoja nzito zaidi dhidi yangu, na sitaki kuiruka. Ni kweli mbunge hasomi barua yako ya kurasa nne. Anaona namba. Kelele ya 2016 iliua mswada. Kelele ya Oktoba 2025 ilisaidia jambo lifike kortini haraka. Watetezi wa haki na mwanamuziki mmoja walishtaki, na tarehe 22 Oktoba Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda vipande vya kifungu cha 27, pamoja na sehemu ya ile adhabu ya milioni 20.

Someni hiyo tarehe tena. Wiki moja baada ya saini, kile hasa kilichomtisha binamu yangu kilikuwa kimesimamishwa. Je, kundi la familia lilipata ujumbe wa pili? "Kifungu kimesimamishwa, chora, tuma kwa kila unayempenda"? Haukuja. Nilingoja. Hofu ina bando, habari njema haina.

17/ Kwa hiyo sitaki tunyamaze. Ninataka kelele ishike kitu. Katika yale marekebisho ya 2025 kulikuwa na jambo linalostahili kelele zote: kamati ya kitaifa ya uhalifu wa mtandaoni kupewa uwezo wa kuagiza tovuti au programu isifikike ikithibitika inaendeleza mambo haramu, ngono ya watoto, ugaidi au itikadi kali.

Hakuna mzazi anayetetea ngono ya watoto. Mimi pia sitetei. Swali ni: inathibitishwa mbele ya nani? Kamati au jaji? Mwenye tovuti anasikilizwa kabla au baada? Mnakumbuka nilisema tutarudi kwenye kibali na ofisi? Ndiyo hii. Ni mkuu wa wilaya wa 1977, sasa ana kompyuta.

Je, hilo ndilo lililosambaa kwenye simu za Gakindu? La. Kilichosambaa ni katuni na milioni 20.

18/ Madhara ya kukuza mambo, nikihesabu kwa vidole.

Kwanza, wanaotishika si wenye nguvu. Mchoraji wa gazeti kubwa ana wakili. Binamu yangu ana mama na simu yenye kioo kilichopasuka. Ujumbe wa uongo unampata yeye kwanza.

Pili, unampa mtetezi wa mswada jibu rahisi. Anasimama mbele ya kamera: "Nionyesheni neno katuni." Halipo. Umeshindwa mjadala kabla hujafika kwenye kifungu kibaya kweli.

Tatu, watu huchoka. Ukisema simba amekuja mara kumi, mara ya kumi na moja hakuna anayetoka na rungu. Na mswada mbaya kweli utakuja, sina shaka.

19/ Hebu tufanye hivi basi. Mswada ukitua kwenye simu yako, kabla ya kusambaza, uliza mambo haya matano. Hayahitaji digrii.

Moja: ni mswada, sheria, au kanuni ya waziri? Kila moja ina mlango wake wa kupingwa.

Mbili: umefika wapi? Ukiwa umesomwa mara ya kwanza tu, kuna kamati inayongoja maoni yako, na ina tarehe ya mwisho. Tuma maoni, halafu tuma hasira.

Tatu: hiki kinachonitisha ni kipya, au kilikuwepo? Kama kilikuwepo, dai kifutwe. Kuua mswada hakutakiondoa.

Nne: nani anaamua? Jaji, au ofisi? Kibali kikiwa mikononi mwa ofisi, hapo ndipo pa kupiga kelele.

Tano: neno gani hasa ni pana mno? Liandike. Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa ubunifu wa sanaa, kwa maneno hayo hayo. Kifungu cha 24 kinasema haki ikipunguzwa lazima kuwe na sheria iliyo wazi na sababu ya kutosha. Ndiyo vifungu viwili vya kumrudishia mbunge wako.

20/ Wikendi iliyofuata nilipanda matatu hadi Gakindu. Nilimkuta dukani anapimia mtu sukari. Nikamweleza haya yote, kifungu kwa kifungu, pamoja na kile kilichosimamishwa. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Akaniuliza swali ambalo bado silijui jibu lake: "Na wakija usiku, utawasomea hicho kifungu wewe?"

Nilisema hapana, shangazi. Sikuwa na la kuongeza.

Michoro ya miaka mitatu haikurudi, hakuwa ameihifadhi popote. Lakini wakulima wawili walikuwa nazo kwenye simu zao, zile walizokuwa wanawaonyesha wakurugenzi. Wakamtumia kumi na moja. Moja ni ile ya mkulima anayechukua malipo na kutoka na deni. Ameiweka tena. Hajachora mpya bado. Sijamsukuma.

21/ Kama umefika hapa, usiniachie "asante". Niachie kifungu: chochote cha sheria yoyote inayogusa mchoro, wimbo, mchezo au video, ambacho unadhani ni kibaya, na neno lake lililo pana. Nitavikusanya viwe kwenye uzi ujao, ambao ni kuhusu kanuni za mawaziri na kwa nini hakuna anayezisoma.

Na kama kuna ujumbe wa "tuma kwa kila unayempenda" kwenye kundi la familia yenu usiku huu, uulize swali la tatu kwanza.